Nimemlipia mzee nisiyemjua, akanifuata na hela yake mkononi. Nilikosea wapi?

Mpanga Foleni (mleta mada)

Wakuu habarini. Kuna jambo limenikaa kooni tangu juzi, nimeona nilimwage hapa. Mnisaidie au mnicheke, yote sawa.

Nilikuwa kwenye foleni ya kulipia oda, zile sehemu za kuagiza, unalipa, kisha unasogea pembeni kusubiri uitwe jina. Siku hiyo nilikuwa vizuri. Kuna kazi nilikuwa nimeikabidhi na mteja akalipa siku ileile bila kupigiwa simu (waliojiajiri mnajua hiyo ni sikukuu). Nyuma yangu kasimama mzee mmoja. Koti limefifia mabegani, viatu vimeshonwa ubavuni kwa uzi wa rangi nyingine. Hela yake kaishika tayari, imekunjwa mara nne.

Moyo ukaniambia mlipie. Nikalipa yangu, nikamwachia dada wa kaunta noti nyingine, nikamnong'oneza: "Hii ya huyo wa nyuma, chenji mpe yeye." Nikasogea mlangoni, nikajifanya naangalia simu.

Mzee akaagiza, akakunjua hela yake. Dada akamwambia imeshalipwa, na chenji yako hii hapa. Mzee akauliza kitu sikukisikia. Dada akanionyesha kwa kidevu.

Wakuu, yule mzee alikuja pale mlangoni, chenji mkono huu, hela yake mkono huu. Hakufoka, na afadhali angefoka. Akaniuliza taratibu, "Kijana, umeona nini kwangu?"

Nikababaika. Nikamwambia hapana mzee wangu, ni roho safi tu. Akaniwekea chenji kiganjani, akaanza kuhesabu hela yake juu yake mpaka ikatimia ile noti yangu, kisha akanifumba vidole yeye mwenyewe, mmoja mmoja, kama unavyomfumba mtoto ukimtuma dukani. Akarudi ndani kusubiri oda yake.

Mimi nikatoka. Nimefika mbali ndiyo nakumbuka, oda yangu mwenyewe sikuichukua.

Nilikosea wapi? Au nimekutana na mtu mwenye kiburi tu?

Kula Chako

Asante ya punda mateke. Siku nyingine lipia chako, ule, ulale.

Chai Haina Sukari

Hii chai. Koti limefifia, viatu vimeshonwa, hela imekunjwa mara nne... Mkuu ulikuwa kwenye foleni au ulikuwa unampima nguo?

Mpanga Foleni

Si chai mkuu. Ningetunga ningejitungia mwisho mzuri.

Zamu ya Jioni

Mleta mada, mimi nina miaka sita kaunta. Nisikilize kabla hawajajaa wa kukutukana na wa kukusifu.

Kulipia mtu si kosa. Tunaliona, si kila siku, lakini tunaliona, na siku ikiwa imetuchosha mtu wa hivyo anatupa nguvu hata sisi tulio upande wa pili. Wewe shida yako ya kwanza ni chenji. Oda iliyolipwa ni oda. Mteja anaambiwa "imeshalipwa", anashangaa, anacheka, anabeba mzigo wake. Ila ukisema apewe na chenji, hapo umemtoa kwenye uteja umemfanya mtu aliyegawiwa hela mbele ya foleni nzima. Mzee alikuja kununua, akajikuta anapokea sadaka ambayo hakuomba. Chenji ungebaki nayo, au ungesema ikae kwa atakayepungukiwa baadaye.

Ya pili ni ya yule dada. Kidevu chake kimekuponza. Mimi mtu akitaka kumlipia mwenzake namuuliza kwanza: nimwambie ni wewe au nisimwambie? Asiponijibu, simwambii. Na akishalipa namwambia aondoke. Wengi hawaondoki. Wanataka kuona sura.

Kuna na vitu vidogo ambavyo wateja hawavijui. Huwezi kulipia oda ambayo haijaagizwa, kwa hiyo ukisema "ya wa nyuma" unaniachia mimi kukisia ataagiza nini. Akiagiza kikubwa kuliko ulichoacha, mimi ndiye nitakayemwambia kuna mtu amekulipia lakini haitoshi, ongeza. Hebu fikiria aibu hiyo. Na mtu akilipiwa kwa kadi ya mgeni kisha akataka kurudisha kitu, hela kwa kawaida inarudi kwenye kadi ileile, yeye haioni. Tumeshagombana na watu kwa hilo.

Sasa swali langu. Foleni ilikuwa na watu wangapi, na kwa nini yeye?

Mpanga Foleni

Sita, saba hivi. Alikuwa nyuma yangu, ndiyo sababu. Bahati nasibu tu.

Chai Haina Sukari

Na aliyekuwa mbele yako alivaa nini?

Bahati Mbovu

Mimi nimewahi kulipiwa mara moja tu maishani, na ilikuwa siku niliyopandishwa cheo. Nina hela kuliko siku nyingine yoyote. Nimelala na njaa mara ngapi, hakuna aliyetokea! Nilicheka mpaka mhudumu akadhani nimechanganyikiwa.

Sitaki Namba

Niongee kwa upande wetu wanawake, maana humu naona kila mtu anadhani aliyelipiwa lazima afurahi.

Nililipiwa na mwanaume nisiyemjua. Sikumwona, mhudumu ndiye aliyeniambia. Kwa dakika mbili nikafurahi kweli. Natoka nje, huyu hapa, kaegemea ukuta. "Umepata oda yako?" Nikamshukuru, nikaendelea na safari. Akaja pembeni yangu, jina nani, unakaa wapi, namba basi, hata namba mrembo, mimi nimekulipia sijakuuliza kitu. Nilirudi ndani nikakaa karibu saa nzima, kitu chenyewe kimepoa hata hakipiti kooni.

Tangu siku hiyo nikiambiwa "umelipiwa" macho yanakwenda mlangoni kwanza. Kwa hiyo kaka yangu mleta mada, hukuwa na nia mbaya, ila ulisimama palepale aliposimama yule wangu. Mlangoni. Huyo mzee naye angejuaje unasubiri nini?

Mpanga Foleni

Dada pole sana. Hilo la mlangoni limenichoma. Nilisimama pale kwa kweli ili nimwone akifurahi.

Shuka la Babu

Wahenga walisema tenda wema uende zako. Nusu ya kwanza uliimudu.

Msoma Makaratasi

Msimkatishe tamaa kijana wa watu. Mwaka 2008 jarida la Science lilichapisha utafiti wa Elizabeth Dunn na wenzake wa Kanada na Marekani. Walikuwa wanampa mtu bahasha asubuhi yenye dola 5 au 20, nusu wanaambiwa watumie kwa ajili yao, nusu wanaambiwa watumie kwa ajili ya mwingine, na jioni wanaulizwa wana furaha kiasi gani. Waliotumia kwa wengine ndio waliotoka na furaha zaidi, na dola 20 hazikuleta furaha kuliko dola 5. Wengine walipoulizwa wabashiri matokeo, wakabashiri kinyume: kwamba hela nyingi ya kujitumia mwenyewe ndiyo itamfurahisha mtu.

Sasa mtasema hiyo ni furaha ya mtoaji, mpokeaji je? Wapo Amit Kumar na Nicholas Epley, utafiti wao ulitoka 2022. Waliwaendea watu 84 kwenye bustani moja ya Chicago wakati wa baridi, kila mmoja akaambiwa anaweza kubaki na kikombe cha chokoleti ya moto au ampe mtu asiyemjua. 75 wakatoa. Kisha wakaulizwa, huyo uliyempa unadhani ataliona jambo hili kubwa kiasi gani? Kwa wastani walikadiria chini. Wapokeaji walifurahi kuliko walivyodhaniwa, kwa sababu mtoaji anahesabu thamani ya kikombe na mpokeaji anahesabu kwamba kuna mtu amemkumbuka.

Kwa hiyo mkuu, mzee mmoja kukurudishia hela kusikufanye uache.

Zamu ya Jioni

Nimependa hiyo ya kikombe. Ila ona, kilikuwa kikombe. Hakuna aliyepewa chenji.

Kiungo Kilichokatika

Mimi ndiye yule mnayemlaani kwenye hizi habari, niliyekata mnyororo.

Nilikuwa dirishani, ile ya kuagiza ukiwa ndani ya gari. Nafika kulipa, mhudumu ananiambia wa mbele amekulipia, na yeye alilipiwa na wa mbele yake, tuko wa kumi na ngapi sijui, je, na wewe unamlipia wa nyuma? Uso umemjaa tabasamu. Nikamuuliza wa nyuma ni kiasi gani. Ilikuwa mara nne ya yangu. Kwenye kioo naiona gari imejaa watu mpaka wamepakatana. Mimi nilikuwa na hela ya kinywaji kimoja na nauli ya mwezi kichwani. Nikasema hapana, asante. Tabasamu likazimika kama taa. Siku mbili nikajiona mchawi.

Baadaye nikatulia nikapiga hesabu. Mwaka 2014 huko St. Petersburg, Florida, watu 378 walilipiana mfululizo kwenye tawi moja la mkahawa wa Starbucks, kwa muda wa karibu saa kumi na moja, wahudumu wanahesabu kila anayepita. Wa 379 akakataa kuendelea na habari ikasambaa dunia nzima kana kwamba kaua mtu. Mwaka 2020, kule Brainerd, Minnesota, mnyororo ukapita magari 900, siku mbili na ushee.

Haya niambieni, kwenye mnyororo kama huo nani katoa? Wa kwanza. Yeye ndiye aliyelipa mara mbili. Wanaofuata kila mmoja kalipa mara moja, kama ambavyo angelipa siku nyingine yoyote, ila bili ya mwenzake. Kiongezwe tu kipengele cha aliyeangukia bili kubwa akanyamaza kwa aibu, kama nilivyotaka kunyamaza mimi. Na anayepokea zawadi yenyewe ni yule wa mwisho, anayesema asante na kuondoa gari. Yaani mtu pekee aliyeipokea zawadi ndiye anayetukanwa.

Zawadi ikiambatana na swali "na wewe je?" mbele ya mhudumu, hiyo mimi naiita mchango wa lazima.

Kula Chako

Kwa mara ya kwanza kwenye uzi huu nimeelewa kitu. Kula tano mkuu.

Msoma Makaratasi

Hesabu yako iko sawa, lakini umesahau kwamba hao 378 huenda walikwenda zao wakiwa na furaha. Hilo nalo lina bei yake.

Kiungo Kilichokatika

Nimekubali. Mimi pekee ndiye niliyekwenda kazini nimenuna.

Mpiga Pasi

Mnazunguka. Jambo hili watu walishalipatia dawa zamani. Napoli, Italia, kuna desturi wanaiita caffè sospeso, kahawa iliyoachwa ikining'inia. Mtu anakunywa kikombe kimoja, analipa viwili, anaondoka. Baadaye anapita asiye na kitu, anachungulia na kuuliza, ipo inayoning'inia? Ikiwepo anapewa. Uturuki hufanya hivyo kwa mkate. Mtoaji hamwoni mpokeaji, mpokeaji hamwoni mtoaji. Musa bin Maimuni, yule mwanachuoni wa Kiyahudi wa karne ya 12, alipanga sadaka kwa daraja nane, na hii ya wawili wasiojuana aliiweka ya pili kutoka juu (ya juu kabisa ni kumwezesha mtu asiombe tena, shughuli nyingine hiyo). Na wenye dini zetu humu tumefundishwa, Wakristo kwa Waislamu, mkono wa kushoto usijue wa kulia umetoa nini. Sisi tunataka mkono wa kushoto ushike kamera.

Zamu ya Jioni

Nzuri sana hiyo ya Napoli, ila inasimama juu ya uaminifu wetu wa kaunta. Mteja akiniachia hela ya "yeyote", nani anajua nimempa yeyote? Mimi na Mungu wangu. Ndiyo maana ukiacha, iache kwa risiti na mbele ya mwingine, hata sisi tunalala vizuri.

Halafu ina kitu kingine. Yule anayechungulia na kuuliza ipo inayoning'inia, lazima awe na ujasiri wa kuuliza. Mzee wa huyu kijana angeuliza? Nadhani angepita na njaa yake.

Chai Haina Sukari

Kama ana njaa. Mpaka sasa hakuna aliyethibitisha kwamba mzee alikuwa na shida. Hela ya oda alikuwa nayo, kaishika mkononi!

Dirisha la Dawa

Nilikuwa nasoma tu kimyakimya, acha nichangie moja.

Nauza dawa. Kila siku nakutana na sentensi moja: "Nipe za siku tatu kwanza, nitarudi." Dozi ni siku saba. Namweleza kwamba nusu dozi ya dawa ya kuua wadudu wa ugonjwa inaweza kumwachia mgonjwa wadudu walio hai, anaitikia kwa kichwa, anajua kabisa, ila hela ndiyo hiyo. Wengi hawarudi.

Siku moja mama mmoja kaitamka sentensi hiyo, na nyuma yake kulikuwa na mtu amekuja kununua bandeji. Hakumgusa mama begani, hakumwambia mama nitakusaidia. Alisogea ubavuni mwa dirisha akaniuliza mimi, kwa sauti ya kuuliza bei ya bandeji: "Hapo inapungua ngapi?" Nikamwambia. Akaisukuma hela chini ya kioo pamoja na hela ya bandeji, akachukua bandeji, akaenda zake.

Mama nikampa dozi nzima. Akaniuliza, nikamwambia imetimia. Alilipa chake chote alichokuja nacho. Ndicho ninachotaka mkione. Yule bwana hakumlipia, alijaza pengo. Mama alitoka pale amenunua dawa ya mwanawe kwa hela yake.

Sitaki Namba

Nimesoma mara mbili. "Kwa sauti ya kuuliza bei ya bandeji."

Zamu ya Jioni

Dirisha la Dawa umesema nilichokuwa nakitafuta. Kaunta inakuonyesha pengo yenyewe. Kadi inakataa. Mtu anahesabu sarafu mara ya pili. Mtu anatoa kitu kimoja anasema hiki acha. Hapo hukumchagua mtu kwa sura, umeona hesabu haijatimia, ungeitimiza hata kwa mwenye tai. Ukimlipia mtu ambaye hesabu yake imetimia, ama umlipie yeyote yule kama mchezo wa furaha, na ajue ni mchezo, ama umwache.

Mpanga Foleni

Nimekaa nalo usiku mzima wakuu.

Chai Haina Sukari uliniuliza wa mbele yangu alivaa nini. Sijui. Simkumbuki hata kama alikuwa mwanaume au mwanamke. Mzee namkumbuka mpaka rangi ya uzi wa kiatu, ilikuwa bluu. Kwa hiyo ile bahati nasibu niliyowaambia haikuwepo. Nilimchagua. Nilishamwona maskini kabla hajafungua mdomo, na yeye alilisoma hilo, ndiyo maana hakuniuliza kwa nini umenilipia, aliniuliza umeona nini.

Na hakuwa na kiburi. Nilipoandika "kiburi" nilikuwa najitetea.

Shuka la Babu

Kijana amekua. Lakini usijichape kupita kiasi. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri, na moyo unao. Jicho ndilo la kurekebisha.

Kula Chako

Mimi bado nasema kila mtu alipe chake.

Mpanga Foleni

Mrejesho, wiki moja baadaye.

Leo nimepita palepale. Nusura nigeuze njia, nikajikaza. Dada wa kaunta alinijua kabla sijafika mbele. Akaniambia, "Wewe siku ile uliacha oda yako."

Nikamwambia najua.

Akasema: "Ilipoitwa jina lako hukuwepo. Yule mzee aliinuka akaichukua. Alisimama nayo hapo mlangoni muda mrefu, kaishika kwa mikono miwili, anaangalia barabara huku na huku. Ya kwake inapoa hapo mezani. Mwisho akaja akaniwekea hapa, akasema kijana kasahau chake, akirudi mpe."

Nimemuuliza kama huwa anakuja. Anasema huja, si siku maalumu. Huagiza kilekile kila mara, na huwa na hela kamili.

Chai Haina Sukari

Sehemu hii ya pili naiamini.

Sitaki Namba

Mikono miwili, jamani.

Zamu ya Jioni

Na ulipewa oda yako?

Mpanga Foleni

Walishaitupa siku ileile, usiku wakifunga. Nimeagiza nyingine, nimelipia moja.